Mzazi Aliyejulishwa

Nchi ninayoisimulia haina jina, na msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Jina nililijua, lakini siku hizi mtu mwenye akili hujiwekea akiba ya kusahau. Inatosha kusema kwamba ni nchi yenye amani nyingi, wimbo wa taifa wenye beti sita, na shule za msingi ambazo kila moja ina bango kubwa getini kuliko darasa lolote lililomo ndani.

Wazazi wa nchi hiyo hawakuwa na desturi ya kujua kinachofundishwa shuleni. Si kwamba walinyimwa habari, la. Walijulishwa yote ya muhimu: leo mtoto aje na fagio, kesho aje na dumu la maji, na kesho kutwa arudishwe nyumbani kwa sababu hakuja na fagio. Zaidi ya hapo, mtoto aliingia darasani asubuhi akatoka mchana, na yaliyotokea katikati yalibaki kuwa siri yake na ukuta.

Ndipo katika Shule ya Msingi Kinyambuli akaletwa mwalimu mmoja, Hilaria Mnyenye, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na miwili, mwenye sauti ndogo na ila moja kubwa ambayo chuoni hawakuigundua mapema: alizoea kusema jambo lilivyo. Akapewa Darasa la Tano, watoto tisini na saba kwa madawati kumi na tisa.

Ijumaa ya kwanza aliandika barua ubaoni, mistari minane tu. Akawaambia watoto wainakili kwenye madaftari, waende wakamsomee yeyote anayewalea, na chochote atakachojibu mtu huyo wakiandike chini yake. Barua yenyewe ilikuwa hivi:

"Mzazi mpendwa. Wiki hii tumejifunza nusu na robo. Mpe mtoto chapati aikate robo nne. Zisipolingana, muulize kwa nini. Watoto arobaini wa darasa hili hawasomi vizuri, na wako huenda ni mmoja wao, ndiyo maana nimemtuma akusomee yeye mwenyewe. Sayansi hatukusoma. Kitabu ni kimoja, nacho kimefungiwa kabatini kwa Mwalimu Mkuu. Mimi, Mwalimu Hilaria."

Miongoni mwa waliosomewa barua ile alikuwemo Mwatumu, mama wa mtoto aitwaye Siwema. Mwatumu aliponda kokoto nyuma ya kilima, na mikono yake ilikuwa na sugu kama soli. Mwenyewe hakusoma, alitolewa shule akiwa darasa la pili akamlee mdogo wake, na hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Siwema, miaka kumi na mmoja, alisoma kwa kidole, neno moja linaingia, jingine linakwama, na alipolifikia jina la mwalimu ugali ulikuwa umeshapoa. Mwatumu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia mwanawe aandike: "Nimesikia. Chapati hatuna, amekata muhogo. Robo moja imekuwa kubwa, tumemwambia arudie. Hicho kitabu kinafanya nini kabatini?"

Ijumaa zikafuatana. Kinyambuli nzima ikawa inakata vitu. Walikata mihogo, mikate na maboga, na mzee mmoja mwenye kibanda alikata mche wa sabuni akagundua kwamba robo aliyoizoea kwa miaka ishirini haijawahi kuwa robo. Siwema naye alikuwa anaimaliza barua ugali ungali na mvuke.

Wiki ya sita, kina mama tisa na kina baba wawili walivaa nguo safi wakaenda kumwona Mwalimu Mkuu, Bwana Chepe, kuulizia kitabu. Walimsalimu vizuri, wakamuulizia hali ya nyumbani, kisha wakauliza. Bwana Chepe alieleza kwamba kitabu kinatunzwa kwa sababu ni kipya. Wakamuuliza kwa unyenyekevu kitakoma lini kuwa kipya. Hapo jasho likamtoka, maana mzazi mwenye hasira alijua namna ya kumfukuza, lakini mzazi mwenye habari alikuwa hajawahi kukutana naye. Akakitoa kitabu. Na kwa kuwa walikuwa wameshafika, wakauliza pia kuhusu madawati, na kuhusu yule mwalimu wa Hisabati ambaye jina lake liko kwenye ratiba na mwili wake hauko popote.

Alasiri ile ile Bwana Chepe aliandikia wilayani barua ya dharura. Ilikuwa na sentensi nyingi za heshima na moja ya maana: "Wazazi wameanza kujua."

Wilaya haikulala. Ilimtuma Afisa Taarifa wake, Bwana Rwekaza, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni. Alikusanya madaftari yote tisini na saba akayaita vielelezo, akayasoma siku nzima, kisha akamwita Mwalimu Hilaria akamuuliza ni nani aliyemruhusu. Mwalimu akajibu kwamba hakuna aliyemkataza. Bwana Rwekaza akamsikitikia kama mgonjwa, akamweleza kwamba katika nchi hii hayo ni mambo mawili tofauti.

Serikali katili ingemfukuza kazi. Lakini serikali ile ilikuwa na huruma, na ilikuwa na njia yake ya huruma: ukibuni jambo jema, ilikunyang'anya, ikalipa jina refu, ikalitunza mpaka life. Madaftari yalipanda kutoka wilaya hadi mkoa, mkoa hadi makao makuu, mpaka mezani kwa Waziri, Mheshimiwa Daktari Pantaleo Ndumbwi. Wiki mbili baadaye Mheshimiwa akahutubia taifa redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu sikivu imesikitishwa kugundua kwamba wazazi wa Darasa la Tano wanajulishwa kiholela, na watu wasio na mamlaka ya kujua. Kuanzia leo kila mzazi atajulishwa rasmi, kwa wakati mmoja, kwa lugha ya hadhi yake. Hatutavumilia mzazi hata mmoja asiyejulishwa. Atakayebainika hajajulishwa, atachukuliwa hatua."

Ikaundwa Mamlaka ya Taifa ya Kuwajulisha Wazazi, ikapewa jengo la ghorofa tisa, wakurugenzi kumi na watatu, na lifti iliyopanda tu. Mwalimu Hilaria naye hakusahaulika. Aliletewa cheti cha pongezi ndani ya fremu, kimeandikwa "Hilaria Mnyonge", na nyuma ya fremu imebandikwa barua ya kumpiga marufuku kuwasiliana na mzazi yeyote kwa maandishi, kwa mdomo au kwa ishara ya mkono, "ili kuepusha mgongano wa taarifa".

Badala ya mistari minane ikaja Fomu T5. Ilikuwa na kurasa kumi na moja, na kila mtoto alijaziwa ya kwake kila siku ya shule. Mwalimu Hilaria akapiga hesabu: kurasa elfu moja na sitini na saba kwa siku. Sehemu ya kwanza iliuliza majina ya mtoto, ya pili ikauliza kama mtoto anakubaliana na majina hayo. Swali la thelathini na moja ndilo lililouliza mtoto amejifunza nini leo. Na kwa kuwa serikali ilichukia ucheleweshaji, gari la kukusanya fomu lilipita saa mbili kamili asubuhi. Kwa hiyo masomo ya leo yaliripotiwa kabla hayajafundishwa, kisha hayakufundishwa, kwa sababu mwalimu alikuwa anajaza ya kesho.

Mwanzoni Mwalimu Hilaria alijaza ukweli. Swali la thelathini na moja alilijibu hivi: "Hakujifunza kitu. Nilikuwa naandika fomu hii." Fomu zikaenda wilayani, na kule neno "hakujifunza" likarekebishwa kuwa "yuko mbioni kujifunza". Mkoani wakaona mbio si jambo la heshima, wakaandika "amejifunza". Makao makuu wakaona "amejifunza" ni neno kavu kwa nchi inayoendelea, wakaandika "amebobea". Hivyo mtoto aliyekaa tu darasani mwezi mzima akiwatazama mijusi aliondoka shuleni mjinga, na katika ghorofa ya tisa alikuwa ameshabobea.

Taarifa ya kwanza kutoka ghorofa ya tisa ilipofika nyumbani kwa Mwatumu ilikuwa na kurasa kumi na nne na mihuri saba. Siwema aliishika kwa mikono miwili. Akasoma "Mzazi mtukufu", akasoma "kwa mujibu wa mwongozo wa", kisha akakutana na neno "utangamanishaji" akasimama mbele yake kama mtu aliyekuta mto umejaa. Akajaribu mara nne. Mwishowe akainama akasema hawezi.

Mwatumu akaichukua ile taarifa kwa jirani yao, Mzee Kopwe, karani mstaafu aliyesoma mpaka maandishi ya makopo ya dawa za kunyunyizia mashamba. Mzee Kopwe alisoma ukurasa baada ya ukurasa, midomo ikicheza, akafika mwisho, akavua miwani.

"Ni habari njema," akasema.

Mwatumu akauliza ni habari gani. Mzee akairudia miwani, akaupekua ukurasa wa sita na wa kumi, akatafuta kwa uaminifu.

"Unajulishwa kwamba umejulishwa," akasema. "Weka kidole hapa."

Mwatumu akaweka kidole. Jioni akampa Siwema muhogo, akamwambia akate robo tatu. Siwema akaukata vipande vitatu, akavipanga, akamtazama mama yake usoni kuona kama ndivyo. Mwatumu akamuuliza siku hizi wanafanya nini darasani. Mtoto akasema wanakaa kimya. Mwalimu anaandika. Mtu akinyoosha kidole, mwalimu anainua kichwa, macho mekundu, anamwambia subiri kidogo, halafu Bwana Rwekaza, aliyewekwa shuleni kusimamia fomu, anakohoa pale mlangoni na mwalimu anarudi kuandika.

Mwatumu akamwomba amsomee barua moja ya zamani kwenye daftari, lililorudishwa kutoka makao makuu likiwa na muhuri, ile ya wiki ya tano ambayo walishaisoma mara nyingi. Siwema akaanza. Alikwama kwenye mstari wa pili. Wa tatu akauruka.

Mponda kokoto hulijua jiwe kwa sauti. Nyundo ikigonga, jiwe zima hulia, na lililooza ndani hutoa mlio wa kibuyu. Mwatumu alikaa pale jikoni akimsikiliza mwanawe anavyosoma, na alisikia mlio wa kibuyu. Alijiona mwenyewe, darasa la pili, akiwa na mtoto mgongoni.

Kesho yake alikwenda shuleni. Getini alikuta meza mpya yenye kibao, "Dawati la Mzazi", na nyuma yake Bwana Rwekaza na redio ndogo. Mwatumu akamwambia kwamba anataka kumwona mwalimu wa Darasa la Tano, ana swali. Bwana Rwekaza akafungua daftari, akaonyesha alama ya kidole chake.

"Mama Siwema, wewe umejulishwa," akasema. "Mzazi aliyejulishwa hana swali. Ukiwa na swali, maana yake hujajulishwa. Na wazazi wasiojulishwa hawapo. Takwimu zetu ni asilimia mia moja na nne."

Mwatumu akauliza hao wanne waliozidi ni kina nani. Bwana Rwekaza akamwambia kwamba hilo ni swali, na wameshakubaliana kwamba hana.

Akageuka kuondoka. Dirishani alimwona Mwalimu Hilaria, ameinua kichwa kutoka kwenye rundo la karatasi. Wakatazamana. Mwalimu alikuwa amekatazwa hata ishara ya mkono, kwa hiyo hakufanya chochote, ila alimtazama mpaka Mwatumu akapita kona.

Mwaka ulipokaribia nusu, Mamlaka ikatangaza kwamba taarifa ya milioni moja iko njiani, na kwamba itakabidhiwa na Mheshimiwa Waziri mwenyewe katika Siku ya Mzazi Aliyejulishwa. Sherehe ingefanyika Kinyambuli, chimbuko la wazo, na kutangazwa moja kwa moja redioni. Alitafutwa mzazi wa mfano. Daftari likapekuliwa, na ikaonekana hakuna aliyeweka kidole kwa uaminifu kama Mwatumu binti Salumbo, mponda kokoto, asiyejua kusoma. Makao makuu walifurahi mno. Mzazi asiyejua kusoma aliyesoma taarifa zote alikuwa ushahidi tosha wa ubora wa taarifa. Yeye angepokea, na binti yake aliyebobea angeisoma mbele ya taifa.

Bwana Rwekaza alimwita Siwema ampime. Akampa ukurasa. Siwema akasoma maneno matatu. Akaitwa mwingine, akasoma mawili. Kufikia adhuhuri Bwana Rwekaza alikuwa amewapima wote tisini na saba, na kalamu zake tatu zilikuwa zinatetemeka mfukoni. Hakujiuliza kwa nini hawajui. Hilo si swali la afisa. Alijiuliza litafichwaje. Akaamua kwamba mtoto akariri maneno ya taarifa, ashike karatasi tu mkononi, na darasa zima lijifunze beti zote sita za wimbo wa taifa. Akampa Mwalimu Hilaria wiki tatu za mazoezi. Fomu zingesimama. Mlango ungefungwa, watu wa nje wasije wakaiona sherehe kabla ya siku yake. Kuhusu fomu, makao makuu wakasema zisiwape taabu, watazijaza wenyewe kule kule. Na kweli, kazi ikawa ya haraka kuliko ilipokuwa inapitia shuleni.

Mwalimu Hilaria alifunga mlango. Akasimama mbele ya darasa lake. Halafu akawaambia kwamba wana siku kumi na tano, akashika chaki.

Sijui niseme nini kuhusu siku zile, maana hazimo katika kumbukumbu yoyote ya serikali. Nilivyosikia ni kwamba kila asubuhi ubao ulikuwa na mistari minane mipya. Anayejua aliwekwa karibu na asiyejua. Walikata karatasi robo, thumuni, robo tatu. Bwana Rwekaza alipopita kwenye korido, mtoto wa dirishani aliinua mkono na darasa zima likauinua wimbo wa taifa, ubeti wa nne, wa uzalendo. Alipopita, walirudi kwenye hesabu za sehemu. Walikaa mpaka jua lilipolala ukutani, na hakuna aliyeomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Siku ya kumi na tano, watoto sabini na mmoja waliweza kusoma ukurasa bila kusimama. Ishirini na sita bado, na mwalimu aliwataja mmoja mmoja kwa majina, akaumia. Siwema alikuwa anasoma mifuko ya saruji, bango la getini, na maandishi kwenye mlango wa gari la wilaya.

Yale maneno ya kukariri alimpa pia, maana alikuwa ameamriwa. Siwema aliyashika kwa siku moja. Kisha akamuuliza mwalimu, siku yenyewe aseme aliyoyakariri au asome karatasi.

"Ukishika karatasi," Mwalimu Hilaria akamwambia, "soma kilichoandikwa."

Siku ikafika. Jukwaa lilipambwa, watu wakajaa uwanjani, waponda kokoto wakapangwa mbele ili waonekane wamejulishwa. Mheshimiwa Waziri alihutubia saa moja na nusu. Alisema taarifa ni uti wa mgongo wa taarifa. Alisema zamani mzazi alikuwa gizani, na leo yuko gizani akiwa na mihuri saba. Hapo msaidizi wake akamnong'oneza, akageuza ukurasa. Mwishowe akainua bahasha ya dhahabu, akamkabidhi Mwatumu. Mwatumu akampa mwanawe. Siwema akatoa karatasi, akasogea kwenye kipaza sauti.

Ghorofa ya tisa ilikuwa na haraka siku ile. Kwa kuwa kila mtu aliambiwa mtoto amekariri, hakuna aliyeona haja ya kujaza taarifa ya milioni moja. Waliitia kwenye bahasha ilivyo.

Siwema aliitazama karatasi. Yale aliyoyakariri yalikuwa mdomoni, na hayakufanana na yaliyo mbele yake. Akainua macho kumtafuta mwalimu wake, ambaye alikuwa amesimamishwa nyuma kabisa, karibu na matangi ya maji. Mwalimu hakutikisa kichwa wala hakukiinamisha. Siwema akarudi kwenye karatasi, akasoma kwa sauti safi, bila kidole:

"Mzazi mtukufu wa, weka jina la mtoto hapa. Tuna furaha kukujulisha kwamba kijana wako, kama ni wa kike futa kijana andika binti, amebobea katika, weka somo hapa. Kama hajabobea, usibadilishe. Mwalimu wake ni, acha wazi. Mzazi akiuliza swali lolote, rudia ukurasa wa kwanza."

Nchi nzima ilikuwa inasikiliza. Bwana Rwekaza alipunga mikono yote miwili kama anafukuza nyuki. Mheshimiwa, ambaye husinzia vizuri kwa sauti za watoto, alikuwa anaitikia kwa kichwa kila nukta. Kicheko kilianzia kwa waponda kokoto, kidogo kidogo, kikaenda nyuma, kikarudi mbele kikiwa kikubwa. Mheshimiwa akashtuka, akadhani ni furaha ya wananchi, akapiga makofi.

Kwa mujibu wa ratiba, aliyefuata alikuwa mzazi, atoe shukrani. Mwatumu alikuwa amefundishwa sentensi moja ya kuishukuru serikali. Alipokishika kipaza sauti, machozi yalikuwa yameshafika. Alikuwa hajacheka. Yeye alikuwa amesikia jiwe zima likilia.

"Leo nimejulishwa," akasema. "Mwanangu anajua kusoma. Aliyemfundisha ni yule pale, kwenye matangi."

Akanyoosha mkono, na uwanja mzima ukageuka kumtazama Mwalimu Hilaria.

Iliundwa kamati ya uchunguzi. Ilifanya kazi miezi miwili, ikahoji mashahidi, ikaipima karatasi urefu na upana. Ilibaini kwamba fomu haikuwa na dosari yoyote. Dosari ilikuwa katika kusomwa. Ilipendekeza kwamba taarifa zote zijazo zifungwe kwa lakiri, na mzazi aweke kidole juu ya bahasha bila kuifungua. Ilibaini vile vile kwamba wiki tatu za mazoezi ya wimbo zilitumiwa vibaya kufundishia.

Mwalimu Hilaria akapandishwa cheo. Alipelekwa ghorofa ya tisa kuwa Mshauri Mwandamizi wa Furaha ya Mzazi, katika chumba kisicho na dirisha wala kazi. Alikaa siku nne, akaomba apewe shule yoyote ile. Wakampa shule ya mpakani, ambayo Darasa la Tano lake bado liko kwenye mpango wa miaka mitano.

Aliporudi Kinyambuli kuchukua vitu vyake, Mwatumu alimbebea sanduku mpaka stendi.  Walipolitua, akamwomba msamaha. Akasema alidhani anamshukuru, kumbe alikuwa anamshtaki.

Mwalimu Hilaria akacheka. Mwatumu alikuwa hajawahi kumwona akicheka. "Mama Siwema," akasema, "nimefundisha miaka tisa. Hakuna mzazi aliyewahi kunitaja, kwa ubaya wala kwa wema. Wewe umenitaja kwa kipaza sauti." Kisha akamuuliza nani atawaangalia wale ishirini na sita.  Basi likaondoka.

Darasa la Tano likapewa kijana mmoja mgeni, mpole, aliyeshindiliwa fomu siku ya kwanza. Jumatatu iliyofuata Mwatumu aliiacha nyundo yake kilimani, akapita getini bila kusema neno, akaingia darasani akakaa chini, nyuma kabisa. Bwana Rwekaza alizipekua kanuni zote. Alikuta kosa la kuuliza, kosa la kushangaa na kosa la kusoma bahasha kwenye mwanga, lakini kosa la kukaa kimya hakulikuta. Kesho yake walikuja wanne. Mwisho wa mwezi walikuwa kina mama tisa na kina baba wawili, wamejipanga ukutani kama baraza, wanatazama. Mwalimu kijana alijaza fomu kwa siku tatu akiwa na macho ishirini na mawili ya watu wazima kisogoni. Siku ya nne aliweka kalamu chini, akauliza darasa limeishia wapi. Watoto sabini na mmoja wakamwambia. Akaanza na wale ishirini na sita.

Shida ikabaki kwa serikali. Bahasha zilipoletwa, wazazi wale kumi na mmoja walikataa kuweka kidole. Walisema hawajajulishwa, wamejionea. Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu, "Amejulishwa" na "Hajajulishwa", na cha kwanza hawakukikubali, na cha pili serikali ilishatangaza kwamba hakina mtu. Bwana Rwekaza akauliza wilayani, wilaya ikauliza mkoani, mkoa ukauliza ghorofa ya tisa. Baada ya miezi minne jibu likashuka, kwa ngazi: mzazi asiyejulikana kama amejulishwa au hajajulishwa, aandikwe kuwa hajulikani aliko, na atafutwe.

Asubuhi ya tangazo la kwanza, Bwana Rwekaza alikuwa ameketi kwenye Dawati la Mzazi, hatua kumi kutoka dirisha la Darasa la Tano. Redio yake ikayasoma majina kumi na moja ya raia waliopotea, ikaanza na la Mwatumu binti Salumbo, mwanamke wa makamo, mara ya mwisho alionekana akiwa mwenye furaha. Atakayemwona atoe taarifa kwa afisa aliye karibu. Bwana Rwekaza akaongeza sauti, akachomoa kalamu moja, akatazama huku na huku kwa bidii.

Ndani, Mwatumu alikuwa amepiga magoti mbele ya benchi, penseli imezama katikati ya sugu za vidole vyake, anaandika herufi ya tano ya jina lake, na ile herufi ilikuwa inamkimbia. Akainua kichwa dirishani.

"Punguza sauti, Bwana Rwekaza," akasema. "Tunasoma."